Cheni ya chensoo haisimami? Usimwambie mteja "itazoea"

Leo nakuja na somo ambalo mimi nililipia, nyinyi mlipate bure. Wanaouza chensoo, genereta, pampu na mashine zozote za petroli wasome mpaka mwisho. Na wewe unayeuza vingine usipite, kuna kitu chako humu.

Mimi nina duka dogo Mafinga. Huku ni nchi ya mbao, msitu wa Sao Hill uko jirani, kwa hiyo chensoo zinatembea. Napiga picha, naposti, mteja analipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Ufundi sijausomea, nimeishia kidato cha nne. Nimejifunza kwa kukaa na mafundi na kwa kuharibu.

Mwaka jana nilituma chensoo kwa mzee mmoja wa Njombe. Siku ya pili akanipigia.

"Mwanangu, hii mashine cheni inazunguka hata nisipobonyeza."

"Shikamoo mzee. Hiyo ni mpya, ndiyo maana. Itazoea tu."

Nikakata simu, nikaendelea kuposti. Siku ya nne ikaingia picha WhatsApp: gambuti imepasuliwa mbele, soksi inaonekana. Kijana wake alimaliza kukata, akaachia resi, akashusha mashine pembeni ya mguu akijua imetulia. Cheni ilikuwa bado inatembea. Ilikula gambuti ikaacha vidole. Mzee hakunitukana. Aliandika tu: "Binti, ulisema itazoea."

Siku hiyo sikuuza kitu. Nilimwomba msamaha, nikamwambia asiiwashe tena, nikalipia nauli ya basi mzigo urudi. Fundi aliiwasha, akaangalia dakika moja, akaniuliza: "Nani kagusa skrubu hii?" Nilikuwa mimi. Asubuhi ya kurekodi video ya tangazo kulikuwa na baridi ya Mafinga mnayoijua, mashine ikawa inazimika zimika. Nikaongeza sailensi ili video itoke safi. Ilipopata moto kule Njombe, injini ikawa inakimbia kuliko inavyotakiwa, na cheni nayo ikaifuata.

Sasa tuelewane kwanza inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hutababaika na simu ya mteja.

Ndani ya chensoo kuna klachi. Ina vipande vya chuma vilivyobanwa na springi, na vimezungukwa na kikombe. Injini ikinguruma taratibu, springi zinavivuta vipande visiguse kikombe. Ukibonyeza resi, injini inakimbia, vipande vinarushwa nje, vinashika kikombe, kikombe kinazungusha cheni. Ukiachia, springi zinavirudisha na cheni inasimama.

Kwa hiyo cheni ikizunguka bila resi, sababu ziko upande mmoja kati ya miwili: injini inakimbia kupita kiasi, au klachi haiachii. Sikiliza sauti. Ikiwa juu, anza na mafuta na hewa. Ikiwa chini na ya kawaida lakini cheni inatembea, mtuhumiwa ni klachi.

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Angalia choki. Chensoo nyingi ukiiwasha ya baridi kwa choki, resi inajifunga juu kidogo ili isizime. Hapo cheni kuzunguka siyo ubovu, na ndiyo maana tunawasha breki ya cheni ikiwa imefungwa. Ikishawaka, bonyeza resi mara moja na uachie, ishuke kwenye sailensi, kisha ufungue breki. Malalamiko mengine yanaishia hapa hapa.

2. Angalia resi yenyewe. Zima mashine, bonyeza na uachie. Inarudi haraka mpaka mwisho? Vumbi la mbao likijaa kwenye waya au kwenye kabureta, resi inabaki juu. Safisha.

3. Safisha filta ya hewa kabla ya kugusa skrubu yoyote. Ukirekebisha mashine yenye filta chafu, siku ikisafishwa hesabu yote inaharibika.

4. Punguza sailensi. Pasha mashine moto dakika chache. Iweke chini pasipo majani wala mawe, cheni isiguse kitu, mguu wako uwe mbali nayo. Tafuta skrubu ya sailensi, nyingi zimeandikwa T, nyingine LA. Zungusha kwa bisibisi kinyume cha saa, taratibu, mpaka cheni isimame kabisa, halafu ongeza kidogo tu upande huo huo. Kisha piga resi na uachie mara tatu. Cheni isimame kila mara na injini isizime. Mashine nyingi sailensi yake ni kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika, lakini kitabu cha mashine yako ndicho kinachotawala. Skrubu za L na H usiziguse kwa kubahatisha. Ukipunguza mafuta kupita kiasi, injini inachemka na pistoni inakwangua silinda.

5. Skrubu umepunguza mpaka mwisho na injini bado inakimbia? Au sauti inapanda na kushuka yenyewe, au ukiachia resi inachelewa kushuka, au ukiilaza ubavu sauti inabadilika? Hapo kuna uwezekano inavuta hewa sehemu isiyotakiwa: mpira wa kabureta umepasuka, gasketi imekufa au sili ya kranki imechoka. Usiendelee kuitumia, hewa ya ziada inaunguza pistoni. Peleka kwa fundi.

6. Sauti iko chini lakini cheni inatembea? Zima, acha ipoe, chomoa waya wa plagi, fungua breki, vaa glavu, vuta cheni kwa mkono. Inatakiwa iteleze bila shida. Ikigoma, angalia kwanza kama imekazwa sana. Kama siyo, fungua kifuniko uangalie klachi. Springi imelegea au imekatika? Beringi ya kikombe imekauka grisi? Springi zibadilishwe zote kwa pamoja, siyo moja. Na kumbuka klachi za chensoo nyingi nati zake ni za kinyume, zinafunguka kuelekea saa. Wengi wamevunja kwa kulazimisha.

Kuna ushauri mmoja unazunguka: "Funga breki tu, cheni itasimama." Ni kweli itasimama, lakini injini ikikimbia na breki imefungwa, klachi inasugua kikombe mpaka inaungua. Umemwambia mteja aharibu mashine yake mwenyewe.

Sasa upande wa biashara. Mteja akilalamika, mimi siku hizi naandika hivi, unaruhusiwa kunakili:

"Pole sana. Naomba uizime kwanza, usiitumie mpaka tumalize hili. Kisha nijibu: tatizo linatokea ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Choki umerudisha? Sauti ya injini iko juu au ya kawaida? Kuna mtu amegusa skrubu? Filta umesafisha lini?"

Umeona? Neno la kwanza ni azime. Simwombi video mashine ikiwaka, kwa sababu mtu mwenye simu mkono mmoja na chensoo inayozunguka mkono wa pili namtafutia balaa. Hatua ya 1 mpaka ya 3 namwelekeza kwa simu. Ya 4 namwelekeza kama ni mtu aliyezoea mashine. Ya 5 na ya 6 namwambia aende kwa fundi wa karibu, na kama mashine ni mpya gharama ni yangu.

Na kabla mzigo haujapanda basi, kila chensoo naiwasha, naipasha moto, napiga resi, naachia, nahesabu mpaka kumi nikiangalia cheni. Narekodi, namtumia mteja video hiyo kabla hajalipa. Kwenye boksi naweka karatasi moja yenye namna ya kuwasha kwa breki na namna ya kuchanganya mafuta. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, naandika wazi: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 200. Mteja hapendi hesabu, anapenda kipimo.

Yule mzee nilimrudishia mashine ikiwa sawa, na gambuti mpya ndani ya boksi. Faida ya mauzo yale iliisha yote na nikaongezea mfukoni. Miezi miwili baadaye alinitumia mteja, jirani yake. Lakini kila nikiingia WhatsApp ile picha ya gambuti bado ipo. Sijaifuta makusudi.

Wewe unauza simu, majiko ya gesi, pasi, chochote: neno lako la "itazoea" ni lipi? "Ndivyo zilivyo"? "Mbona wengine hawalalamiki"? Litafute, ulitoe kwenye mdomo wako leo. Mteja akisema kitu hakiko sawa, mwambie azime kwanza. Mengine mtaongea baadaye.

Umewahi kupata kesi kama hii? Iandike hapa chini, mwenzako ajifunze kabla hajalipia.