Cambridge Huonekana Vizuri kwa Nyuma

Mgeni anayefika Cambridge kwa treni, mwendo wa saa moja hivi kutoka London, kwa kawaida hukimbilia barabara ya King's Parade kupiga picha malango ya vyuo. Mengi huyakuta yamefungwa au yana kiingilio. Vyuo vya mji huu vimeupa mtaa kuta, na bustani zao vikazielekeza mtoni. Ndiyo maana ziara nzuri zaidi ni ya majini, katika chombo cha tako bapa kisicho na mkuku, kinachosukumwa kwa upondo wa mita 5 hivi.

Zamani vyombo vya namna hii vilikuwa vya wavuvi na wakata matete. Watalii walianza kupandishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo mto Cam ulikuwa njia ya mizigo, nayo majahazi yake yakivutwa na farasi. Vyuo havikutaka farasi wakanyage kingo zao, basi wanyama hao wakapitishwa ndani ya maji, juu ya njia iliyojengwa chini ya mto! Majivuno ya wasomi hayakuanza leo: Chuo Kikuu cha Cambridge kilizaliwa mwaka 1209, wasomi walipoikimbia Oxford baada ya ugomvi na wenyeji.

Kutoka Silver Street, chombo hupita mara moja chini ya daraja la mbao la chuo cha Queens'. Hapo hupendwa kusimuliwa kwamba Isaac Newton alilijenga bila msumari wala parafujo. Ni hadithi tamu, lakini Newton alifariki mwaka 1727, na daraja likajengwa mwaka 1749 kwa mchoro wa William Etheridge. Hili la leo ni nakala ya mwaka 1905.

Mbele kidogo nyasi zinafunguka na kanisa la chuo cha King's linasimama wazi. Mfalme Henry VI, aliyeanza kulijenga mwaka 1446, alibomoa nyumba na kuziba mitaa katikati ya mji ili kupata uwanja. Vita vya kugombea taji vikamng'oa, na kazi ya mawe ikakamilika mwaka 1515 chini ya Henry VIII. Atakayeshuka baadaye aingie ndani atazame dari: mawe yametandazwa kama miyaa.

Linafuata daraja la Clare la mwaka 1640, kongwe kuliko yote yaliyobaki mjini, kisha maktaba ya Trinity, inayohifadhi nakala ya kitabu cha Newton yenye masahihisho ya mkono wake. Upande wa pili wa chuo cha St John's kipo kile cha Magdalene, alikosoma Kabaka Mutesa II wa Buganda katika miaka ya 1940, kabla hajawa rais wa kwanza wa Uganda.

Safari yote haifiki saa moja kwa mwendeshaji mzoefu. Anayetaka kukodi chombo na kujiendesha anaruhusiwa, ila akumbuke jambo moja: upondo ukinasa matopeni, auachie. Chombo hakisimami, na anayeung'ang'ania huishia majini mbele ya umati wa darajani. Kasia la akiba huwekwa chomboni kwa ajili ya kuurudia.