Msumeno wa kona: pima mbao zako kwanza

Mwenzetu mmoja ananiuliza swali. Ana kibanda cha useremala uani kwake, na siku za mapumziko hutengeneza fremu, vitanda na makabati. Sasa anataka msumeno wa umeme wa kukatia kona, ule ambao kichwa chake huvutwa mbele na nyuma juu ya reli. Anunue upi? Namjibu hadharani, maana katika ununuzi huu nimekwisha kosea mwenyewe na nikalilipia kosa.

Tuelewane kwanza kuhusu mashine yenyewe. Ni msumeno wa diski uliofungwa juu ya meza ndogo. Meza huzunguka kushoto na kulia, ukapata kona ya nyuzi 45 ya fremu. Kichwa nacho huinama, ukapata mkato wa mshazari. Ukivitumia vyote viwili kwa mpigo unakata kornisi ya dari. Tena, kwa kuwa kichwa kinateleza, hukata ubao mpana kuliko diski yenyewe, na hapo ndipo bei inapopanda. Msumeno usioteleza wenye diski ya milimita 255 hukata ubao wa upana wa milimita 140 hivi, basi. Unaoteleza, hata wenye diski ndogo ya milimita 216, mara nyingi hufika milimita 300.

Mzee mmoja fundi wa Keko nilipomwendea hakunitajia kampuni hata moja. Alisema, "Mwanangu, kwanza niambie unakata mbao zipi." Nikamjibu: moja kwa nane, na mara chache moja kwa kumi. Akasema 216 inanitosha, 305 niwaachie wanaokata nguzo na mihimili. Alikuwa na haki. Mashine nyingi za 305 zinazoteleza zina uzito unaokaribia kilo 30, na mtu wa kibanda cha uani hana budi kuiingiza ndani kila usiku. Wezi nao wanajua bei.

Pima na kibanda. Reli za aina nyingi hutokeza nyuma ya mashine kichwa kinaporudi, kwa hiyo huwezi kuiegemeza ukutani. Ipo miundo ambayo reli zake hubaki mbele, au yenye mkono unaokunjika. Ni ghali zaidi, lakini mwenye chumba chembamba asiione ghali.

Sasa kosa langu. Niliona msumeno wa mtumba, safi kabisa, kwa bei ya kutupa. Kumbe ulitengenezwa kwa soko la Marekani, volti 120. Muuzaji alikuwa amebadilisha plagi tu. Nilipouchomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 ulinguruma kwa kasi ya ajabu, kisha moshi. Kile kibati cha maandishi ubavuni kisome kabla ya kutoa pesa. Uliza pia tundu la kati la diski: mashine nyingi za soko la Ulaya hutumia milimita 30, za Marekani hutumia vipimo vingine, na diski ya akiba isiyoingia ni sahani tu.

Dukani usiridhike na kuangalia rangi. Vuta kichwa mpaka mwisho wa reli, kishike, kitikise kushoto na kulia. Kikicheza, mikato yako itacheza. Kisha nenda na kipande cha ubao ulionyooka, ukate kwa nyuzi 90, geuza kipande kimoja juu chini, uviunganishe tena mezani. Mkato ukiwa umepinda, utaona mwanya ulio mara mbili ya kosa lenyewe. Kosa likirekebishika kwa skrubu si neno. Lisiporekebishika, aga uende.

Na usiununue ukidhani utapasulia mbao. Huu hukata ubao kwa kukingama. Kupasua kwa urefu ni kazi ya msumeno wa meza, na anayelazimisha hapa anachezea vidole.

Vidole hivyo ndivyo vinanifanya nitaje namna ya kuvuta. Ubao mpana unakatwa hivi: vuta kichwa kwako diski ikiwa juu, washa, shusha, kisha sukuma kuelekea nyuma. Ukikata huku unavuta, meno yanaweza kupanda juu ya ubao na kichwa kikakurukia. Chagua diski ya meno mengi, 60 au zaidi kwa kazi ya fremu, na yasiyoelekea sana mbele. Yale makali ya kuvamia mbao hayafai kwenye mashine inayoteleza.

Mwisho vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. La mvule huwaletea wengine pumu na upele. Kile kifuko kidogo cha nyuma hakikusanyi hata nusu yake kwenye mashine yangu ya sasa, ya 216, kwa hiyo navaa barakoa na kukatia uani upepo ukiwepo. Jirani ananung'unikia kelele. Tumekubaliana sikati baada ya magharibi.