Je, Wajua? Kidonda cha Kitandani Huweza Kuanzia Ndani

Usiku ukiwa usingizini hujigeuza mara kadhaa bila kujijua. Upande uliolaliwa ukielemewa, mwili hupata habari nawe hugeuka. Aliyepooza haipati habari hiyo. Nyama yake hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na saa chache zatosha kuleta madhara. Tena misuli hushindwa kabla ya ngozi, kwa hiyo doa dogo juu ya makalio huweza kuficha shimo lililofika mfupani.

Je, wajua kwamba vitabu vingi vya uuguzi vilimfundisha muuguzi kutafuta wekundu? Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu aghalabu hauonekani. Hapo mkono hushinda jicho: pagusepaguse, ulinganishe na ngozi ya jirani. Pana joto au ubaridi? Pamekuwa pagumu, au pamelainika isivyo kawaida? Mgonjwa akisema panauma, mwamini.

Je, wajua kwamba mtu wa visiwa vyetu vya Bahari ya Hindi aligundua mapema kwamba kubanwa ndiko huleta kidonda? Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, aliandika mwaka 1853 kwamba simbilisi waliopoozeshwa hawakupata vidonda walipooshwa mara kwa mara na kutoachwa walalie upande mmoja. Baadaye Jean-Martin Charcot wa Paris alishikilia kwamba neva zikiharibika kidonda hakiepukiki. Charcot alikuwa na jina kubwa, akasikilizwa yeye.

Ndiyo maana hata katika Vita vya Pili vya Dunia askari aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kama aliyekwisha kufa, kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua wodi ya majeruhi hao Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake kuu ilikuwa mikono ya watu: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Walipona, wakaanza kuchoka kukaa bure. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16 kama hao walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hiyo ndiyo mbegu ya Paralimpiki.

Siku hizi ratiba ya kugeuza hupangwa kwa hali ya mgonjwa na aina ya godoro. Ila nyumbani bado tunakosea kwa nia njema. Tunapachua kwa mafuta palipobadilika rangi, kumbe nyama ya chini imeshaumia na tunaizidishia. Tunanunua mto wa duara wenye tundu, nao huibana damu pembezoni mwa tundu.

Kwa kisigino, mto wa kawaida watosha: uweke chini ya shavu la mguu, kisigino kielee hewani bila kugusa shuka.