MAJI WAKATI WA KULA SI ADUI WA TUMBO



Wapo watu vijijini wanaosema: "Usinywe maji wakati unakula. Maji yatapunguza nguvu ya tumbo, na chakula hakitasagika." Wengine huwakataza hata watoto wao. Basi mtu ametoka shamba, jasho linamtiririka, anakula ugali na maharagwe huku koo limekauka. Mtungi uko karibu yake, lakini anaogopa kunywa.

Je, katazo hili ni la kweli? Hapana. Kwa mtu mwenye afya, maji hayazuii tumbo kusaga chakula. Yanasaidia. Maji yanayodhuru ni maji machafu. Tena kipo kinywaji kingine ambacho ni bora kisubiri mpaka chakula kishuke. Kinywaji hicho ni chai. Tuyaangalie mambo haya moja moja.

CHAKULA KINAVYOSAGIKA

Kazi ya kusaga chakula huanza mdomoni. Meno hutafuna na mate hulainisha. Kisha chakula hushuka tumboni. Tumbo hukivuruga na kukichanganya na maji makali linayoyatengeneza lenyewe. Baadaye chakula huingia katika utumbo mwembamba. Huko hukutana na nyongo kutoka kwenye ini, na maji mengine kutoka kwenye kongosho. Chakula kikishalainika kabisa, utumbo hufyonza kilicho bora na kukipeleka katika damu.

Sasa tufanye hesabu. Ukijumlisha mate, maji ya tumbo, nyongo na maji mengine ya kusagia chakula, mtu mzima hutoa lita 7 hivi kila siku. Hiyo ni kama theluthi ya debe la lita 20. Mwili wenyewe humimina maji hayo juu ya chakula, kisha huyafyonza tena karibu yote. Kama maji yangekuwa adui wa chakula tumboni, mwili usingeyamimina kwa wingi huo.

Kikombe cha maji ni kama robo lita tu. Maji hayo hayakai sana tumboni. Hupita upesi kuliko chakula kigumu. Chakula kikiwa bado kipo, tumbo huendelea kutoa maji yake makali.

Fikiri juu ya uji. Sehemu kubwa ya uji ni maji, na mgonjwa hupewa uji kwa sababu hausumbui tumbo. Fikiri pia juu ya mwezi wa Ramadhani. Wafungaji wengi hufungua kwa tende na maji, kisha hula futari. Maji hayo hayazuii futari kusagika.

Mkulima anajua kwamba mbolea juu ya udongo mkavu haifiki kwenye mizizi mpaka maji yaiyeyushe. Chakula nacho ni hivyo hivyo.

KUKOSA MAJI KUNA HASARA

Pwani yetu ya Tanga ina joto. Mtu anayelima, anayekata mkonge au anayevua samaki hutoka jasho jingi. Asipokunywa maji ya kutosha, utumbo mpana hukausha kinyesi. Choo huwa kigumu, na mtu hujikamua kwa maumivu. Kujikamua mara kwa mara kunaweza kuleta bawasiri.

Watu wengi hukumbuka kunywa maji wakati wa chakula tu. Ukiwakataza wakati huo, huenda wasinywe kabisa. Angalia mkojo wako. Ukiwa mchache na rangi yake ni nzito, mara nyingi mwili unadai maji.

CHAI ISUBIRI

Mkoa wetu unalima chai katika milima ya Usambara. Kahawa chungu nayo ni kinywaji cha barazani tangu zamani. Hatusemi viachwe. Lakini chai na kahawa vikinywewa pamoja na chakula huyashika madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, kunde, mchicha na kisamvu. Mwili hupata madini machache tu.

Madini ya chuma ndiyo yanayojenga damu. Yakikosekana, mtu hupungukiwa damu, huchoka upesi na kuishiwa pumzi. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio walio katika hatari kubwa. Malaria nayo ikiingia, damu huzidi kupungua.

Kwa hiyo, wakati wa kula kunywa maji. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula. Kula pia chungwa la Muheza au kipande cha embe pamoja na chakula, au kamulia ndimu katika maharagwe yaliyokwisha kuepuliwa. Matunda haya husaidia mwili kupata madini ya chuma.

Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki avimeze kwa maji safi. Asivimeze kwa chai, kahawa wala maziwa.

MAJI YAWE SAFI

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kujisomea kuwafundisha wananchi kujikinga na maradhi. Mafunzo yale yanatufaa hata leo. Maji machafu huleta kipindupindu, kuhara, kuhara damu na homa ya matumbo. Fanya hivi:

1. Chuja maji kwa kitambaa safi.
2. Yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa.
3. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa.
4. Yaweke katika mtungi au ndoo safi yenye kifuniko.
5. Chota kwa kata yenye mpini. Usitumbukize mkono wala kikombe.
6. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.

Akina mama wa Handeni wanajua taabu ya kutafuta maji wakati wa kiangazi. Maji yaliyotoka mbali kwa taabu yasichafuliwe nyumbani.

TAHADHARI

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe maji. Maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa joto.

Mtoto mdogo asipewe kikombe kizima kabla tu ya kula. Tumbo lake dogo litajaa maji, naye ataacha chakula. Apewe mafunda machache wakati anakula, kisha anywe zaidi akimaliza.

Mwenye kiungulia anywe kidogo kidogo. Mgonjwa wa moyo au figo afuate kipimo alichopewa na mganga wa hospitali.

Ukiwa na maumivu ya tumbo yasiyokwisha, choo chenye damu, au unakonda bila sababu, usilaumu maji. Nenda zahanati mapema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Nyumbani kwenu watoto hunywa nini wakati wa kula?
2. Je, chai hunywewa pamoja na maharagwe? Mnaweza kubadili saa yake?
3. Maji ya kunywa yanawekwa wapi, na yanachotwa kwa nini?