Hamlet Asiyesikika

Mwaka 1913 Johnston Forbes-Robertson, mwigizaji wa London mwenye umri wa miaka 60, alisimama mbele ya kamera za kampuni ya Cecil Hepworth akaigiza nafasi ya Hamlet wa Shakespeare, mwana wa mfalme ambaye bado ni kijana. Filamu yenyewe ilikuwa bubu. Kwa kuwa Waingereza walimsifu mtu huyu kwanza kwa sauti yake, wapo wanaoiona filamu hiyo kama zeze lililokatwa nyuzi. Mimi naona kinyume chake: kwa kuondolewa sauti, tunapata nafasi ya kuona ufundi wake mwingine.

Ufundi huo ulianzia kwenye uchoraji. Forbes-Robertson alizaliwa London mwaka 1853, akasomea uchoraji katika Royal Academy, na aliingia jukwaani mwaka 1874 kwa sababu ya riziki zaidi kuliko mapenzi. Samuel Phelps, bingwa wa Shakespeare wa kizazi kilichotangulia, ndiye aliyemfunza kutamka beti. Alipoigiza Hamlet kwa mara ya kwanza mwaka 1897, katika ukumbi wa Lyceum, alikuwa na miaka 44. Hakumfanya mwendawazimu wa kupiga kelele, bali mtu mpole, mwenye akili, anayefikiri mbele yetu. Pia alimrudisha Fortinbras mwishoni mwa tamthilia, mhusika ambaye mameneja wa kumbi walikuwa wamezoea kumkata. George Bernard Shaw alivutiwa naye hata akamwandikia nafasi ya Kaisari katika tamthilia yake Caesar and Cleopatra.

Sasa itazame filamu. Midomo yake inasema maneno kana kwamba watazamaji wanasikia, lakini mikono imetulia, shingo imenyooka, na kila anaposimama amechagua mahali pake kama mchoraji anayepanga picha. Waliozoea kusema kwamba waigizaji wa zamani walitia chumvi katika kila kitendo wamtazame huyu. Ni kweli kamera haikumhurumia: mikunjo ya uso ambayo jukwaa liliificha kwa umbali inaonekana wazi, na mkewe, Gertrude Elliott, anayeigiza Ophelia, ni mdogo kwake kwa miaka zaidi ya ishirini. Pingamizi zito zaidi ni la maneno. Aliyesoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, anajua kwamba kwa Shakespeare tendo limo ndani ya usemi; ukiuondoa, asiyeijua hadithi hupotea. Hilo nalikubali. Filamu hii haiwezi kuwa badala ya tamthilia. Ni ushahidi kuhusu mwigizaji, na kwa kazi hiyo inatosha.

Mwaka huohuo wa 1913 alipewa cheo cha Sir na kuliaga jukwaa la London. Alifariki mwaka 1937. Filamu yake, ya takriban saa moja, ingalipo. Itazame ukiwa na tamthilia mkononi.