Pesa ya Kazi, Pesa ya Kikundi: Mwongozo kwa Dizaina Anayejitolea Nyumbani

Uko kwenye meza yako pale Wote, au Kitui mjini, unamalizia lebo ya mteja anayeuza asali. Simu inalia. Ni mwaitu mwenyekiti wa kikundi: "Mwanangu, tutengenezee bango la siku ya kazi. Wewe ni mtoto wetu." Kabla hujajibu, meseji inaingia: mteja wa asali ametuma malipo ya awali. Dakika mbili baadaye ingine: mwanakikundi ametuma mchango wake wa saruji, kwa sababu wewe ndiye "unajua mambo ya simu" na ulifanywa mweka hazina.

Kazi mbili, laini moja. Hapo ndipo matatizo mengi huanzia, na mara nyingi hakuna aliyekusudia kuiba. Leo tueleze jinsi ya kufanya kazi yako ya kujitegemea na bado ukajitolea, bila kupoteza pesa wala jina.

Kujitolea si jambo geni kwetu

Ukambani watu wamefanya mwethya tangu zamani: majirani wanakutana, wanachimba matuta, wanabeba mawe, kesho wanahamia shamba la mwingine. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni yamejengwa hivyo hivyo. Wanakikundi hujenga ukuta wa saruji na mawe katikati ya mto wa msimu. Mvua ikija, maji huleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani yake yakiwa yamekingwa dhidi ya jua. Mto ukikauka, watu wanachimba kidogo na kuteka.

Kikundi cha leo kinahitaji pia bango, kitabu cha risiti, orodha ya michango, kijitabu cha mazishi mwenzao akifiwa. Huo ni mchango wa kweli, hata kama hujabeba jiwe. Lakini aliyebeba jiwe anarudi nyumbani jioni na mchango wake umeisha. Wako unaweza kuendelea hadi usiku wa manane, kwa bando lako na stima yako. Ndiyo maana unahitaji mpaka.

Jinsi pesa zinavyopotea bila mwizi

Tuseme Jumatatu mteja amekutumia shilingi 4,000. Siku hiyo hiyo wanakikundi 20 wametuma 200 kila mmoja, jumla 4,000. Salio lako linasoma 8,000. Jumanne unalipa kodi ya nyumba 3,500 na mtu wa kuchapisha 1,500. Unabaki na 3,000. Ijumaa fundi anataka pesa za saruji, 4,000 kamili. Imepungua elfu moja.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Kama laini yako ina deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Mfumo haujui kwamba hii ni ya mama mboga aliyechangia bwawa. Ukiwa na deni la 1,200, ule mchango wa 4,000 utabaki 2,800 kabla hujagusa chochote. Utaelezaje hayo mbele ya mkutano chini ya mwembe?

Hatua za kufuata

*1. Pesa ya kazi ipate mlango wake.* Chukua namba ya till, au fungua Pochi la Biashara, ambayo hutenga malipo ya biashara na pesa zako binafsi ingawa laini ni moja. Andika namba hiyo kwenye ankara zako zote. Mteja asitume kwingine.

*2. Pesa ya kikundi isikae kwako.* Kikundi kikisajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kinaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina lake na michango ikapitia paybill. Wekeni watia sahihi zaidi ya mmoja. Hii inalinda kikundi, na inakulinda wewe pia: laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ni yako machoni pa sheria. Ukiugua, au simu ikipotea, pesa za watu zinakwama nawe.

*3. Kama bado mnatumia laini ya mtu,* iwe laini ya pekee, isiyo na Fuliza wala mkopo wowote. Kila mchango ukiingia, uandike kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Kila mkutano, soma taarifa ya akaunti kwa sauti, na wale wasio na simu wasikie. Pesa zikifika kiwango mlichokubaliana, zipelekwe benki.

*4. Andika bei hata ya kazi ya bure.* Kama bango lako huuzwa 1,500, toa ankara ya 1,500, kisha chini yake andika "mchango wangu kwa kikundi: 1,500". Jumla sifuri. Kikundi kitajua ulichotoa, na mwanakikundi akija kesho na kazi ya duka lake atajua bei. Panga pia kiasi, kwa mfano kazi mbili kwa mwezi. Gharama ya kuchapisha ni jambo lingine kabisa: kikundi kimlipe mchapishaji moja kwa moja.

*5. Kwa wateja wengine, nusu kabla ya kuanza.* Tuma sampuli yenye alama juu yake, na faili safi baada ya kumaliziwa malipo. Usiamini meseji ya malipo ambayo mteja amekuonyesha au kukusambazia, kwani hizo hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtu akipiga kulalamika kwamba amekutumia pesa kwa makosa, usimrudishie mwenyewe kwa haraka. Mwambie afuate utaratibu wa mtoa huduma wake. Kwa M-Pesa, hutuma ile meseji ya muamala kwenda 456.

*6. Kumbuka KRA.* Ripoti ya kodi ya mapato ya mwaka huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Shirika likikulipa ada ya kitaalamu ya kuanzia 24,000 kwa mwezi, kwa kawaida hukata asilimia 5. Omba cheti chake, maana kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yako. Na hapa faida ya kutenganisha inaonekana tena: michango ya bwawa ikipitia laini yako, itaonekana kama mapato yako, na utalazimika kueleza kila muamala.

Panga kulingana na msimu

Kazi yetu hufuata mvua na mavuno. Vikundi hukimbia kumaliza ukuta kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, na michango huja kwa wingi wakati huo. Maembe ya Makueni yakianza kuiva kuelekea mwisho wa mwaka, wanaouza juisi na maembe makavu wanatafuta lebo. Usikubali bango la bure wiki ile ile una lebo tatu za kulipwa. Mwambie mwenyekiti mapema: "Mwaitu, nitalifanya, lakini wiki ijayo." Ukisema mapema hutaonekana umekataa.

Anza leo jioni

Omba taarifa ya akaunti yako ya mwezi uliopita. Chukua kalamu tatu: weka alama moja kwa pesa ya kazi, nyingine kwa pesa yako ya nyumbani, na ya tatu kwa pesa ya kikundi. Ukikuta hata mstari mmoja wa kikundi uliotumika kulipa kodi ya nyumba, urudishe kabla ya mkutano ujao, na uwaambie wenzako mwenyewe kabla hawajauliza.

Na kama kawaida: sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe. Wala mwenyekiti asikuulize.