Je, Wajua? Hukumu ya Gongo Lililozuiwa

Je, wajua ya kuwa mpigaji wa besiboli aanzapo kulizungusha gongo lake kisha akalizuia ghafula, wengi hutazama kama gongo limevuka kibao cha ardhini kilicho kando yake, au kama kifundo cha mkono kimegeuka, ilhali mwamuzi hana budi kujiuliza neno moja tu, nalo ni hili: je, mtu huyu alijaribu hasa kuupiga mpira? Akihukumu kuwa hakujaribu, mdakaji au meneja, katika ligi kuu ya Marekani, ana haki ya kumtaka amwulize mwenzake wa pembeni, ambaye kwa desturi ni yule wa kituo cha kwanza kwa mpigaji wa mkono wa kulia, na wa kituo cha tatu kwa wa kushoto. Bali mpigaji aliyekwisha kuhukumiwa straiki, yaani kuhesabiwa jaribio lililokosa, hana rufani, na hapo naona insafu imepungua. Ama katika pigo la kugusa, ambalo gongo hutangulizwa bila kuzungushwa, kulinyoosha pekee si kujaribu. Lakini mwenye straiki mbili akiugusa mpira hivyo ukaenda nje ya mistari, ametoka.